Sanduku Chini ya Ngazi

Nimelinunua Ruwi, kwa Bwana Kurien,
riali tisini na tano, baisa mia tano akanisamehe:
sanduku jeusi, kimo cha birika la kahawa,
diski mbili ndani, zimelala ubavu kwa ubavu.
Nimeliweka chini ya ngazi, hapa Mabela,
palipokuwa na viatu vya wageni na pipa la mchele,
kwa kuwa ndipo ruta ilipo, na ubaridi wa kiyoyozi hufika
hata Julai hii, nje nyuzi arubaini na sita,
bomba la maji baridi linatoa maji ya kukogea maiti.

Mama amevuta kiti. Anataka kuelezwa.
"Hizo mbili za nini? Moja haitoshi?"
Nasema: kinachoandikwa kwa hii kinaandikwa na kwa ile,
moja ikifa, ya pili haipotezi neno.
"Wake wenza," anasema. "Na wivu?"
"Hazina, mama."
"Basi si wake wenza."

Kila mtu humu ana kisiwa chake.
Ghassan ana picha za harusi kwenye kompyuta yenye bawaba mbovu,
Sharifa ana hesabu za mabaibui anayouza,
mama ana simu inayomlilia kila asubuhi kwamba imejaa,
na mimi nina baba:
kanda kumi na moja, nimezihamisha moja moja.
Anakohoa, anaagiza kahawa,
anahesabu kwa Kiswahili mshahara aliolipwa kwa Kiarabu.
Baba aliye kwenye mashine moja
yu hatarini kwa kikombe kimoja cha chai.

Nikapanga milango. Nani asome, nani aandike,
nani asijue hata kama chumba kipo.
Mashine haielewi "mpe, lakini usimwambie nduguye."
Inauliza tu: ndiyo? hapana?
"Ya baba yenu wote wasikie," mama akasema.
"Asifute mtu. Hata mimi nikiwa na hasira."
Nikamwekea: kusoma tu.
Akanitazama. "Hata mimi?"
"Umesema mwenyewe."

Saa sita usiku tatu zinaonana.
Ya nne, ya Muadh mtoto wa Ghassan, haioni kitu.
Nimebadili waya. Nimezima, nimewasha.
Ukiita anwani yake inaitika,
ukiiuliza jamaa zake, inasema sina mtu.
Hata nikasoma polepole jina la kundi.
Kote nimeandika NYUMBANI.
Yeye, nilipomwachia aandike mwenyewe ajifunze,
ameandika NIUMBANI.

Miaka kumi anayo. Kiswahili kimemwingia kwa sikio,
kwa kufokewa na kubembelezwa,
hajakiona ubaoni hata siku moja.
Bibi humwambia "njoo", yeye hujibu kwa Kiarabu,
lakini huja.

Kusoma, mashine yake inaniruhusu.
Kubadili, inataka neno lake la siri,
naye amelala, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya blanketi.
Ningemwamsha. Herufi moja tu.

Nikaenda kwenye ya Ghassan, nikafuta.
Ya Sharifa. Yangu. La mwisho, sanduku lenyewe.
Nikaweka I palipokuwa na Y,
mimi niliyekatwa alama shuleni kwa makosa kama hayo.
Taa ya kijani ikapepesa mara mbili, ikatulia.
Nne. Nikazihesabu tena. Nne.

Asubuhi sikuamshwa na kengele.
Kutoka chumbani kwa Muadh, sauti nzito, yenye kikohozi:
"Kahawa hiyo inatoka Yemeni, au?"
Na mama jikoni, mgongo mlangoni, mkono kwenye iliki:
"Si naja, bwana, una haraka gani?"

Birika likabaki juu, halijamimina.
Muadh akatokea mlangoni na vipokea sauti shingoni,
akamtazama bibi yake,
akasema, kwa Kiswahili, taratibu,
kama anayeokota vigae pekupeku:
"Bibi. Nirudishe nyuma?"