Sinia Lile ni Zito

Binti yangu Jimena kaipata yote,
sehemu mia moja na kumi na mbili,
kwenye kompyuta yake, bure, picha imesafishwa
hata unaona kwamba mawaridi ya bustanini ni ya plastiki.
"Mama, si ndiyo hii uliyokuwa ukiililia?"
Ndiyo. Ndiyo hii.

Paysandú, Julai, saa kumi na mbili jioni:
mwokaji Etcheverry alifunga duka na mkate ungali tanurini,
baridi ya mto ilipenya chini ya mlango,
nasi tulilizunguka jiko la mafuta ya taa
mbele ya televisheni iliyowashwa kwa koleo,
maana kitufe kilipotea tangu enzi za majenerali.
Jumba la Monteclaro.
Hata mbwa waliujua muziki wake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Nilimpenda Rodolfo Monteclaro
kwa jinsi alivyoirarua barua ya Aurelia,
alivyomkamata kifundo cha mkono,
alivyomfungia chumbani kwa ufunguo
kisha akaegemea ukuta, macho yamejaa maji,
akisema: nakufungia kwa kuwa nakupenda.
Fidla zikapanda. Nikauma ncha ya skafu.
Nilitaka mtu anifungie hivyo.

Nikampata.
Aliitwa Dardo, fundi wa matrekta,
na alifunga mlango vilevile,
ila kwake hapakuwa na fidla.
Miaka sita niliisubiri ile fidla.

Sasa natazama, kibuyu cha yerba kimepoa mkononi.
Rodolfo ni mtu mfupi, kapakwa wanja,
anaongea kama karani wa benki.
Jimena anacheka pale nilipolia,
kisha hacheki tena.
"Haya si mapenzi," anasema, ananitupia jicho la pembeni.
Namwambia, nyamaza, tazama.

Kwani kuna mtu sikuwahi kumwona.
Ukingoni mwa picha, nusu yake imekatwa,
mtumishi wa aproni nyeupe na sinia la fedha.
Hana jina; nimeisoma orodha ya waigizaji hadi chini.
Nimemhesabia maneno yake, kumi tu:
Ndiyo, bwana. Hapana, bwana.
Farasi wako tayari, bwana.
Mvua imeanza.

Mama yangu Zulma hakuketi kamwe.
Alisimama nyuma yetu akipiga pasi
mashati ya familia ya daktari,
na kila jioni, katikati ya busu, alisema,
"Sinia lile ni zito."
Shh!
"Angalieni mkono wake. Wamemwekea vikombe vya kweli."
Shh, Mama!

Jana usiku, sehemu ya arobaini na nne.
Aurelia analia nyuma ya mlango.
Mtumishi anapita ukumbini na sinia lake,
anasimama. Pumzi moja.
Mkono mmoja unaingia mfukoni mwa aproni.
Picha inahamia kwa Rodolfo na farasi.
Asubuhi mlango uko wazi, Aurelia hayupo,
na katika sehemu zote zilizosalia
hakuna anayeuliza nani aliufungua.
Hata mimi sikuuliza. Nilimlaumu Aurelia.

Lakini nakumbuka pasi ilivyoganda hewani,
mvuke ukipanda, na Mama akicheka peke yake,
kicheko kifupi, cha mtu
aliyepungiwa mkono na mtu wa kwao.

Na nakumbuka jambo jingine, lisilo la televisheni.
Machi moja Mama alikuja kulala kwetu,
eti kaniletea jamu ya tini.
Dardo akafunga, akaulalia ufunguo.
Alfajiri mlango wa nyuma ulikuwa wazi,
koti langu juu ya kiti, mfukoni nauli ya basi,
na Mama jikoni akiosha vikombe, kanipa mgongo.
Hakusema. Sikuuliza.
Tulimzika ana miaka themanini na mmoja,
sijauliza.

"Tuendelee?" anasema Jimena. "Arobaini na tano?"
Rudisha kidogo.
Hapana, nyuma zaidi. Hapo, hapo alipo yeye.
Tazama mkono.