Njegere za Jokofuni

Mara ya kwanza nilikuwa kwenye keshia namba nne,
Jumamosi, Wrocław, theluji ikiyeyuka viatuni mwa wateja.
Mzee mmoja aliweka siagi, mkate, chakula cha paka.
Siagi ikalia pii. Mkate ukalia pii.
Chakula cha paka sikukifikia:
vidole vilikuwa vimekwisha ondoka,
ganzi imepanda hadi viwikoni,
na kifuani mtu alikuwa anahamisha kabati.
Nikasema, kumbe ndivyo hivi.
Kumbe mtu hufa hivi,
ameshika risiti ya mwenzake.

Gari la wagonjwa. Nyaya. Karatasi yenye vilima.
Daktari, kijana anayenuka kahawa,
alivifuata vilima kwa ncha ya kalamu
kama asomaye ramani ya kwao:
"Bibi Wiesława, moyo wako ni mzima."

Mara ya pili ilinikuta ngazini, na mfuko wa viazi.
Koo limekabwa, ulimi mkavu kama kitambaa cha ubaoni.
Viazi vikateremka kimoja kimoja, bila haraka yoyote,
hadi mlangoni kwa jirani.
Karatasi ileile. Vilima vilevile.

Nikwambie la aibu? Nilikasirika.
Nilitaka waone kitu, hata mshipa mmoja uliojikunja,
nimpelekee mwanangu Radek: tazama, sikuwa naigiza.
Maana mzima anayetetemeka hapewi cheti.

Basi nikaanza kuishi pembeni pembeni.
Lifti nikaacha. Kahawa nikaacha. Kanisani nikakaa karibu na mlango.
Mapigo ya shingoni niliyapima hata msalani,
kama mwenye nyumba arudiaye kitasa mara kumi
na bado asisafiri.
Niliogopa kuogopa, na hiyo ya pili
ndiyo iliyokula siku zangu.

Dukani kwetu pana lango la wezi.
Hulia hata kwa aliyelipa.
Miaka kumi na tisa nimelisikia, na sijapata kulikimbia:
husema samahani, hutazama risiti, mtu huenda zake.
Nilikuwa napanga sabuni siku lilipolia
kwa bikizee mwenye limau mbili,
nikasimama na sabuni mkononi, nikacheka peke yangu,
kisha nikalia kidogo.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Ilipokuja mara ya tatu, saa za kufunga,
jembe sikuwa nalo. Nikafungua jokofu la mboga,
nikazamisha mikono katikati ya mifuko ya njegere.
Baridi ikauma. Ikauma kweli, na ikauma mahali pamoja.
Haya, nikaiambia hofu, umekuja, fanya kazi. Tuhesabu.
Njegere, gramu mia nne na hamsini.
Karoti. Mchicha. Karoti tena, mtu kaziweka pasipo pake.
Nikatoa pumzi polepole, kama apozaye uji wa mtoto,
ndefu kuliko niliyoivuta.
Kabati likasukumwa, likakwama, likasukumwa.
Nilijua nitaanguka.
Sikuanguka.
Dakika kumi na moja, kwa saa ya ukutani isiyosema kweli.
Magoti yakanirudia, moja kwanza, jingine baadaye,
kama watoto waliotoroka shule.

Usiniulize kama nimepona.
Jumanne ilikuja tena, bila kubisha hodi,
na nilikuwa nimezama hadi viwikoni
mteja mmoja aliponiuliza kama nimedondosha kitu humo.
Nasubiri, nikamwambia.
Akasubiri nami kidogo, kwa adabu,
akachukua samaki wake, akalipa, akaenda,
na lango likamlilia bila sababu,
naye, mbali kule, akageuka
kunionyesha risiti.