Dakika Kumi na Tano, Brooks

Saa tatu usiku kengele inatuachia.
Tunavua glavu za chuma, tunazitundika;
mikono mitupu inabaki imekunja ngumi ukutani.
Nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sufuri.
Ndani, Lorne keshaanza.

"Tujitenge," anaipulizia kahawa yake.
"Mafuta yetu, bomba letu, nyama yetu.
Sisi tunanawa, Ottawa wanakula."
Lorne ana goti la chuma.
Lililipiwa na kodi yetu sote, hakutoa senti.
Goti halimo katika hotuba.

Thibault wa Kwebeki anacheka hadi anakohoa:
"Sisi tulipiga kura hiyo mara mbili.
Ya pili tulikosa kwa unywele.
Baba na shemeji yake hawakusalimiana
miaka kumi na minane. Nchi ikabaki nzima,
meza ya Krismasi ndiyo iliyogawanyika."

Marivic anahesabu kwa vidole: "Na mimi?
Nimebakiza miezi minne niape.
Niape kwa nani? Ada nilishalipa!"

Ostap hacheki. Simu yake iko kifudifudi kando ya mkate;
huifunua, huifunika. Mama yake yuko Kharkiv,
ghorofa ya saba, na lifti haina umeme.
"Mpaka," anasema,
kisha anatafuna muda mrefu.
Sentensi iliyobaki hatukuipata.

Ndipo wakanigeukia:
"Nabintu, wewe umetoka vitani, tuambie."
Kana kwamba vita ni kata, na mimi diwani wake.
Siipendi kazi hiyo. Nikaifanya.

Nikasema: Lorne, kwetu kila mwenye kilima
na bunduki kumi na mbili ana bendera na msemaji.
Bado sijaona mpaka mpya ulioshusha bei ya maharagwe.
Jirani wa kusini alipotishia ushuru, kutishia tu,
zamu za nani zilikatwa? Za Ottawa?
Na wewe Thibault, usicheke sana.
Mnapenda kusema nchi hii ni ya upole.
Naujua upole wenu: nimeukuta posta,
nimeukuta kwa daktari wa meno,
nilivishwa koti kabla sijasema nasikia baridi.
Lakini kilimani kwa mjomba wangu ilifika mitambo
yenye jani jekundu ubavuni,
na upole ulikuwa haujapanda ndege.
Mto ukabadilika rangi.
Kwenye taarifa ya habari mlitupa sekunde tisa,
kisha magongo ya barafuni.

Kimya. Nikagundua nimesimama.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mimi walinipa kisu,
sasa wanashangaa kina makali.

Arlene huzungumza mara moja kwa wiki,
na wiki hii alikuwa bado.
Ni Msiksika; kwao ni mwendo wa saa moja kwa gari.
"Mkataba wetu ni wa mwaka 1877," akasema,
mgongo kwetu, akitazama supu inavyozunguka.
"Jimbo lenu, 1905.
Wapangaji wakigombana
mwenye nyumba haambiwi afungashe."

Lorne akasema mkataba ni karatasi.
"Na kura yako," akauliza Arlene, "ni jiwe?"
Maikrowevu ikalia. Supu tayari, muda umekwisha.

Tukarudi mstarini. Nyama ikapita nusu nusu,
haina jimbo, haina chama,
na Lorne kando yangu akikata mafuta
bila kuniangalia, bila kukosea.

Saa saba usiku gari langu likagoma.
Maegesho meupe, pua zinaganda.
Ni yeye aliyekuja na nyaya shingoni,
akaunganisha betri yake na yangu.
"Usidhani umenishinda," akasema.
Injini ikaguna, ikakataa, ikawaka.
"Una kura moja," nikamjibu kupitia dirishani,
"na mimi yangu ya kwanza ni mwezi wa kumi."

Akalipiga boneti mara mbili kwa kiganja,
kama anavyomhimiza ng'ombe.