Chini ya Mto

Mto ulipofurika
sauti ilisikika,
saa nane na dakika,
chini ya mto, simuni:

"Amkeni, mbio, hima!
Sabaki umeshahama,
mahindi yote yazama,
maji yako mlangoni!"

Ni Mbeyu aliyenena.
Hatukungoja kuona,
tukabeba wetu wana,
mbuzi wawili begani.

Redio, siku ya pili,
ikatusomea hali,
nasi tuko juu, mbali,
twanywa chai kilimani.

Tangu hapo sikuhoji,
simu nikaipa taji;
ikinambia ni maji,
nanywa, sichungui ndani.

Kisha Jumamosi moja
Malindi picha ikaja:
mtu, na mwana mmoja
kalala kwake begani.

Chini wameshakoleza:
"Mwizi wa wana! Sambaza!
Usipofanya, wabeza
damu ya wako nyumbani."

Nilikuwa nakaanga
viazi, mkono unga;
gumba langu likagonga
mara tatu, vikundini.

Sikuwahi kupakua,
mayowe yakachipua,
vijana wakachukua
mawe kule mjengoni.

Hapana alouliza
ni nani aliyeanza,
picha nani kaikuza,
lini, wapi, na kwa nini.

Kumbe mtu ni Ngumbao,
ashonaye nguo zao;
mpwawe hana kilio,
homa tele maungoni.

Wakauvunja mkono
wa kulia, pia meno,
ndipo lilipoja neno
la mama mtu, njiani:

"Mwanangu huyo! Mjomba
mwenyewe nimemuomba,
miguu yangu yavimba,
ampeleke tibani!"

Jioni, kikundi kile
kikaleta hela tele
za matibabu; na wale
wa mawe wamo kundini.

Nami nilituma mia
mbili; nikaandikia
"Pole." Nikajifutia
picha, kama siioni.

Ila haikufutika;
Kilifi ilishafika,
na Lamu wameipika
upya: "Yupo mitaani."

Gumba hilihili langu,
lililogusa, wanangu
wakaokoka na chungu
cha wali, usingizini,

ndilo lililomvunja
fundi; na bado laonja
mchuzi, bado lachanja
kuni, lingali mwilini.

Leo nimekwenda kwake,
nguo yangu aishike;
mkono, bandeji yake
ingali hapo shingoni.

Ashona kwa wa kushoto,
akitulia, mzito.
Aniuliza: "Mtoto
wako, yupo salamani?"

Nimetaka kumwambia:
"Ni mimi." Lanipotea
neno. Ndipo ikalia
simu yangu mkobani.

Sikuigusa. Akata
uzi kwa wembe. Yaita
mara ya pili. Nasita.
Atazama dirishani,

penye mawingu ya bara,
meusi, yenye ishara.
"Soma," anambia, "mara.
Kama ni mto, jirani?"