Inavuta Kushoto

Miaka sita nimeiendesha kwa bega la kulia.
Ukiulegeza usukani kidogo tu, pikapu hiyo mtaroni,
kama mbuzi aliyeona kunde,
na magunia ya dagaa wa Igombe juu ya mgongo wake.

Leo tuko Pasiansi, kwa Luhende.
Ameinua pua ya gari, kaweka na gogo,
maana jeki, anasema, haina undugu na mtu.
Anashika tairi juu na chini, anatikisa:
kok. Kok.
"Umesikia? Hiyo boljointi. Ilikuwa inakuaga."

Bushi zimelika hadi chuma kinasaga chuma.
Tairodi ya kwanza imetoka kwa adabu.
Ya pili imegoma:
dizeli, nyundo, tusi la Kisukuma, dizeli tena,
mwisho bomba la maji kwenye mkia wa spana
na sisi wawili tunaning'inia.
Nati ikapiga kelele. Ikaachia.

Nimechungulia kwenye karai.
Vyuma vyenyewe hivi, vinaenea kiganjani,
na mimi usiku nilikuwa naota daraja.

Jioni naijaribu, barabara ya uwanja wa ndege.
Imenyooka, pikapu.
Aliyepinda ni mimi:
bega bado linavutana na mtu aliyekwisha ondoka,
nakwenda kulia, kulia kabisa,
bodaboda ananitukana mimi na ukoo wangu,
na ana haki.

Nalegeza vidole. Kimoja. Kingine.
Ziwa liko palepale kushoto.
Pikapu haina habari nalo.