Ya Mtoto?

Jumanne, soko la Memorial, jua limeniegemea kisogoni.
Nimepita viatu, nimepita mapazia,
nimempita bibi anayepima dagaa kwa kopo la rangi,
hadi meza ya Mshana, muuza vitu visivyo na ukoo:
betri, vitana, rula, sumu ya panya.

"Nataka filimbi," nikasema.
Akanipa ya refa, yenye kamba nyekundu.
"Siyo hiyo. Ile ya kulaza mdomoni, yenye matundu."
"Ahaa. Ile inayoimba."
Akainama, akaibuka na kopo la biskuti.
"Ya mtoto?"
"Ya mtoto," nikajibu upesi,
kama mtu aliyekutwa akilamba mwiko.

Zilikuwemo tano.
Ya mwanzi, elfu kumi na mbili, ina ufa mwembamba
uliozibwa kwa nta ya mshumaa, ati mimi sioni.
Ya bati, inang'aa, ina ladha ya sarafu.
Na tatu za plastiki, elfu tatu tatu:
nyekundu, nyeusi,
na moja ya kijani, kijani kile cha jagi
la kunawisha watu mikono msibani.

Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa mizani
kiwandani, kahawa inapokobolewa.
Kuchagua nakujua.
Nyekundu ina ukingo wa kukwaruza, itanichana mdomo.
Nyeusi matundu yake yameachana mno,
na kidole changu cha pete ni kifupi,
ncha yake ilibaki kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe
nikiwa darasa la sita.
Ya kijani, kidole kikafika.
Kikatulia juu ya tundu
kama kuku juu ya yai.

"Rahisi ghali, mama," Mshana akanionya
(faida yake iko kwenye ya bati).
"Ngoma ya watoto haikeshi."
Nani kasema nataka kukesha?
Mimi nina muda wa maharage kuchemka, basi.

Kwetu Mamba kulikuwa na tarumbeta.
Baba alilipiga Pasaka, alfajiri, makaburini,
umande ukimlowanisha suruali hadi magotini.
Siku nyingine lililala sandukuni, kufuli juu.
Wasichana tulilisugua kwa majivu na ndimu
mpaka tukajiona ndani yake, mapua makubwa,
tukacheka, tukanyamazishwa.
Baba alipofariki lilikwenda kwa Ndewario.
Amelitundika sebuleni, juu ya televisheni,
na hajalipuliza hata mara moja.
Sina kinyongo. Lile lilikuwa na kazi,
kuwaamsha wafu, kumpokea askofu.
Mimi nataka kitu kisicho na kazi.

Tukakubaliana elfu mbili na mia tano.
Akaifunga kwa gazeti, kama samaki.

Pasua, uani, chungu kiko motoni.
Nikaiosha kwa sabuni ya kipande,
nikailaza mdomoni.
Fuu. Fuu.
Upepo mtupu, kama napoza uji.
Mama Nanzia akachungulia juu ya ua:
"Mkaa umekataa kushika?"
Nikamwambia umekataa.
Akaniletea kibiriti.

Nikaizungusha kidogo.
Nikaubana mdomo, kama natema ganda la tikiti,
na ikatoka.
Sauti moja tu, nyembamba, imepinda upande.
Mbuzi wa jirani akaacha kutafuna.
Nikaitafuta tena, ikakataa,
nikaitafuta, ikaja na mwenzake,
na harufu niliyoinusa baadaye
ilikuwa ya maharage.

Alhamisi nilipita tena sokoni, natafuta sufuria.
"Mtoto ameipenda?" Mshana akauliza.
"Mno."
"Ana miaka mingapi?"
"Hamsini na minne, tangu Machi."

Hakucheka.
Alitazama kushoto, akatazama kulia,
akalivuta kopo la biskuti polepole
na kuniuliza, kwa sauti ya chini,
kama ile nyeusi inamfaa
mtu mwenye vidole virefu
ambaye hajawahi kujaribu.