Gramu Themanini

Jumatano, saa tisa alasiri, jua limeshaaga;
huku kaskazini mwa Ufini, Desemba,
jua ni mgeni wa kuchungulia mlangoni, haketi.
Urpo Niskala yuko mbele yangu maktabani,
kofia ya sufu magotini, theluji ikiyeyuka viatuni.
Anasukuma karatasi moja juu ya meza
kama mtu anayelipa deni asilolikubali.

Miaka ishirini na tisa ametengeneza karatasi,
nyeupe, pana kuliko barabara hiyo ya nje, usiku na mchana.
Kiwanda kimefungwa. Dohani haitoi kitu.
Na leo ukurasa mmoja umemshinda.

Nasoma: Mimi ni mchapakazi mwenye ari,
mbunifu, mwepesi wa kushirikiana na wenzangu.
Nani huyu? namuuliza.
Anatazama dirisha.
"Mpwa wangu. Kaandika yeye."

Nilikuwa karani wa mahakama.
Miaka thelathini na mmoja nimechapa
majibu ya watu waliosimama wakaulizwa.
Neno la kuazima nalijua: linabana kwapani,
na mwenye kuuliza huona mshono kabla ya uso.

Nachukua kalamu. Ari, nafuta. Mbunifu, nafuta.
Niambie, zamu ya usiku ulikuwa ukifanya nini?

Kimya. Kwetu kimya si kosa,
watu humaliza birika zima la kahawa ndani yake.
Lakini msaili hana birika, Urpo.
Ana fomu, ana saa,
ana mwingine anayesubiri kwenye kiti cha nje.

"Nilikuwa nikisikiliza," anasema mwishowe.
Ukisikiliza nini?
"Mtambo. Karatasi ikitaka kukatika hubadili sauti,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo baya.
Napunguza kasi. King'ora hakilii."
Mara ngapi?
"Mwaka wa mwisho? Arobaini hivi."
Na ikikatika, mnapoteza nini?
"Nusu saa. Tani kadhaa. Na Pentti anatukana."

Andika hayo, nikasema. Pentti mwache.
"Huko ni kujisifu."
Kujisifu ni kudai unasikia nyota.
Hii ni hesabu.

Tukabishania kitenzi kimoja
mpaka taa za rafu za mbali zikaanza kuzimwa.
Yeye alitaka nilihusika. Mimi nilitaka nilizuia.
Kuhusika! Hata paka wa kiwandani alihusika.
Akacheka, sauti fupi, droo iliyokwama ikafunguka,
akaandika nilizuia kwa herufi ndogo mno,
kana kwamba neno lingesikika hadi ng'ambo ya mto.

Wiki iliyofuata tukafanya mazoezi.
Aune wa vitabu vya watoto akavaa miwani yake ya kusomea,
akajifanya meneja.
Udhaifu wako ni upi?
"Sisemi."
Huwezi kujibu hivyo!
"Umeuliza udhaifu. Ndio huo."
Aune akanigeukia.
Na mimi, niliyesahihisha mawakili,
sikuona pa kuweka kalamu.

Usaili ulikuwa Jumanne, dobi kuu la hospitali.
Amerudi leo, hakuvua koti.
Walimuuliza ana swali lolote.
"Nikasema sina. Nikasema lakini mashine ya kukaushia,
ya tatu kutoka mlangoni, beringi yake inakufa.
Wakatazamana."
Kisha?
"Wakasema watapiga simu."

Hawajapiga. Naona simu yake mezani, uso juu,
naona tunavyoikwepa sote wawili.

Amekuja kwa ajili ya koma moja, anasema,
iliyo mstari wa nne. Tunaiondoa.
Nachapa upya, ukurasa unatoka ungali na joto.
Anaupapasa kati ya kidole gumba na cha shahada.
"Gramu themanini," anasema. "Lakini si yetu."
Anautikisa karibu na sikio langu.
Sisikii kitu, namwambia, nasikia karatasi tu.
"Tena," anasema, na anautikisa tena,
polepole, kama mtu mwenye muda wa kueleza.